Herufi H ya Mzee Wambura

Kigera, Musoma

Mwanangu Masatu,

Ninaandika mchana huu wewe ukiwa Butiama kuwaaga baba zako wadogo. Meli ni kesho. Habari za shuka na sabuni, na namna ya kulilinda sanduku lako kwenye gari moshi, shangazi yako ameshakueleza, na nilimsikia akizirudia mpaka ukaanza kuitikia bila kusikiliza. Mimi siziongezi. Nataka kuandika jambo ambalo huko ulipo sasa hivi, mkiwa mnakula na kucheka, nina hakika wanakusimulia kwa namna yao.

Watakuambia kwamba mama yako ni mwanamke hatari. Watakuambia alimng'oa Mzee Wambura kwenye nyumba yake kwa kidole kimoja. Baba yako mdogo Nyamhanga akifika hapo huwa anakiinua kidole chake juu, na wote wanacheka. Usiwabishie. Ni wakubwa zako na wanakuaga kwa upendo. Lakini sitaki upande meli na maneno yao peke yake, na kesho gatini kutakuwa na watu, nami siwezi kusema mambo haya nikitazamwa.

Unakwenda kujifunza kutoboa kadi za kompyuta kwenye mashine za serikali. Ulipopata ile barua ya kuitwa, wajomba zako walisema kazi ya kubonyezabonyeza ni ya wanawake, na wewe ukawajibu kwamba kazi hiyo ya mama yako ndiyo iliyokusomesha. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, na hofu hiyo haijaniacha mpaka leo.

Ulikuwa mdogo nilipokuwa nafanya kazi chumba cha simu za maandishi, lakini unaikumbuka ile mashine, maana ulikuwa ukija kunisubiri ukitoka shule na kukaa kwenye ngazi. Wengi waliona ni taipureta kubwa tu. Sivyo. Kwenye taipureta kidole chako ndicho kinachopiga. Unasukuma kitufe, mkono wa chuma unainuka, herufi inagonga utepe, wino unabaki kwenye karatasi. Ukipiga kwa nguvu inakolea, ukipiga kwa woga inafifia. Ukibonyeza mbili pamoja, mikono ya chuma inagongana njiani na kunasa, unaona kwa macho yako kwamba umekosea.

Ile yetu, teleprinta, ilikuwa kitu kingine. Pale kidole hakipigi, kinaomba. Kitufe kikishuka mpaka chini kabisa, kinasogeza vyuma vyembamba vilivyo ndani, vyuma vinagusana, umeme unapita, na mashine iliyoko mji mwingine ndiyo inayopiga herufi. Kama kitufe kimeshuka lakini hakikufika mwisho, vyuma havigusani, na kule hakuna kitu. Kidole chako kimehisi kimeshuka. Sikio lako limesikia kelele za mashine, na mashine ile ilikuwa na kelele wakati wote. Wewe unaendelea na herufi inayofuata.

Waliotufundisha walitukataza kukimbia. Ukibonyeza kitufe, mashine inavifunga vingine vyote kwa muda mdogo mpaka imalize kuituma ile herufi, ndipo inavifungua. Ukienda kwa mwendo mmoja kama mtu anayetwanga, huhisi chochote. Ukienda haraka, kidole kinakuta kitufe kigumu, na ukiwa na kiburi unakiona kigumu unakipita. Mimi nilikuwa na mwendo mzuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilianza kuutilia shaka hata huo.

Sasa nije kwa Mzee Wambura.

Ilikuwa miaka ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Simu nyingi tulizotuma Bunda zilikuwa za kuhama: fulani ahame, kitongoji fulani kihame, lori liende, mgambo waende. Wambura alikuwa na mji wake nje ya Bunda, upande wa Nyasura, pamba mbele na zizi nyuma. Mke wake alikuwa amelala, miguu imejaa maji, na mganga wa zahanati alikuwa akimfuata hapohapo nyumbani. Wambura alikuja Musoma mwenyewe kuomba aachwe. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, kofia mkononi. Wakubwa walimsikiliza, wakakubali. Nikaletewa karatasi niitume Bunda: WAMBURA WA NYASURA HATAHAMISHWA. Hakukuwa na maneno mengine. Mkuu wetu wa ofisi alipenda simu fupi.

Nilituma. Kwetu pia mashine ilikuwa ikichapa nakala ya kilichotoka, nami nilikuwa na desturi ya kuisoma kabla ya kuiweka. Niliisoma. Nakumbuka kwamba niliisoma. Nakala ilisema WAMBURA WA NYASURA ATAHAMISHWA, na mimi sikuona kwamba H haipo.

Nimelifikiria jambo hilo kuliko yote. Nilikuwa najua karatasi inasema nini, kwa hiyo macho yangu yalisoma kilichokuwa kichwani. Walioniona baadaye kama mwongo walishangaa hapo: mtu anawezaje kusoma neno moja akaona lingine? Ukishaijua kazi utaona ni rahisi kuliko kupaliwa na maji.

Na yule wa Bunda aliyeipokea hakuuliza. Angeuliza kwa nini? Kama kosa langu lingetoa neno lisilo na maana, angepiga simu hapohapo kutucheka. Lakini neno lilikuwa zima. Tena lilikuwa neno la kila siku. Siku zile kila mtu alikuwa anahamishwa. Yale makosa yanayoonekana ni makosa si mabaya sana. Uogope lile ambalo likisimama kwenye mstari linafanana na ukweli.

Lori lilikwenda na mgambo. Wambura alipowaambia Musoma wamemruhusu abaki, walimwonyesha karatasi. Alikuwa hajui kusoma. Walimtoa mkewe akiwa kwenye godoro, wakampakia, mvua ikiwa inanyesha, na nyumba ikachomwa ili wasirudi. Yule mama alifia kijiji kipya kabla mvua hazijaisha. Mganga wa zahanati alisema alikuwa anakwenda tu, hata angeachwa kitandani kwake. Inawezekana. Sikumwamini wala sikumkatalia.

Habari ilitufikia wakati Wambura aliporudi Musoma. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja kwa mkuu, na tukasikia sauti yake ukutani, haikuwa ya ukali, alikuwa akiuliza jambo moja tu: nani alibadilisha. Mkuu aliita nakala zote. Karatasi ya mwandiko ilikuwa na H. Nakala ya mashine haikuwa nayo. Kwa hiyo herufi ilipotelea chumbani kwetu, na siku ile kwenye kiti nilikuwa mimi.

Sasa sikiliza kwa nini hawakusema ni bahati mbaya. Dada yake Wambura aliwahi kuolewa na baba yako mkubwa wa Butiama, yule marehemu. Ndoa ilivunjika vibaya, yule dada alirudi kwao na alama mwilini, na Wambura alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema ukoo wa baba yako haujui kukaa na watu. Tangu hapo hawakusalimiana. Mimi nilikuwa nimeolewa hukohuko. Basi hesabu ilikuwa nyepesi kwa kila aliyetaka kuifanya: mke wa ukoo huu amekalia mashine, jina la adui limepita mikononi mwake, na herufi moja tu imepotea, ileile inayogeuza maneno.

Mkuu alinikalisha kwenye mashine akasimama nyuma yangu. Akasema, "Andika hatahamishwa." Nikaandika, H ikatoka. Akasema nirudie. Ikatoka. Nilirudia mpaka karatasi ikaning'inia hadi sakafuni, na kila mstari ulianza na H safi kabisa.

"Mashine nzima," alisema. "Basi tueleze, ndugu."

Mashine ilifanya kazi yake vizuri mbele ya watu, na mimi nikaonekana vile wanavyoonekana waongo. Hawakunifukuza. Waliniandikia barua ya onyo, na wakaweka mtu wa kukaa karibu yangu akijifanya anapanga majalada.

Jioni moja baba zako wadogo walikuja hapa Kigera. Walikuwa na paja la mbuzi limefungwa kwenye majani ya mgomba. Wakaliweka mezani mbele yangu, Nyamhanga akaniita shemeji kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. Sikuelewa mpaka aliposema ukoo unanishukuru kwa nilichomfanyia Wambura. Nikawaambia sikufanya. Wakatazamana, wakatabasamu, na Nyamhanga akasema, "Ndivyo inavyotakiwa useme." Masatu, kila nilipokataa, ndivyo walivyozidi kuamini. Wale walionichukia waliniona muuaji, na wale walionipenda waliniona hivyohivyo wakafurahi. Nilimwambia shangazi yako alitoe lile paja, alipeleke popote.

Walipoondoka baba yako alikaa muda bila kuvua viatu. Kisha akaniuliza kama nilifanya makusudi. Baba yako si mtu wa maneno. Nilimtazama usoni nikitafuta anataka jibu gani, nikaona hata yeye hajui. Nilimjibu hapana. Akasema, "Basi." Sijawahi kujua kama aliniamini, na sasa tumezeeka, sitamuuliza tena.

Nilianza kukitilia shaka kidole changu. H inapigwa na kidole cha pili cha mkono wa kulia, na hakikai juu yake, lazima kijinyooshe kwenda kushoto. Nilikitazama nikisonga ugali, nikichambua dagaa, nikifunga vifungo vya shati lako. Nilijiuliza kama moyo wa mtu unaweza kutaka jambo, ukakiambia kidole, bila yeye kuambiwa. Sikumpenda Wambura, huo ndio ukweli. Sikumjua, lakini nilikuwa nimezoea kusikia jina lake likisemwa kwa ubaya, na jina lililosemwa hivyo huwezi kulipitisha mikononi kama majina mengine.

Nilipochoka kujishuku mwenyewe, nikamhamia Magesa.

Magesa tulikuwa tunapokezana zamu. Alikuwa mtu wa Mugango kama mimi, tulisoma misheni moja, na kwa muda mrefu tulikuwa tukila chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa amefunua kifuniko cha mashine akitia mafuta. Nikakumbuka kwamba aliwahi kuulizia cheo changu. Mambo ambayo nilikuwa nayo siku zote kichwani yakaanza kujipanga yenyewe. Nikaacha kula naye. Nikawa nikiondoka naipiga mashine herufi zote, A mpaka Z, naitia sahihi karatasi, ili kesho likitokea jambo isemekane mimi niliiacha nzima. Akaona. Siku ya pili na yeye akafanya vilevile akipokea. Tukakaa hivyo, watu wawili wazima tunakaguana kama mahabusu na askari, na salamu ikawa ya kichwa tu.

Magesa naye alikuwa akinishuku mimi. Aliniambia baadaye. Alikuwa akijiuliza kama nitamsukumia yeye kosa, na kusema kweli nilikuwa karibu kufanya hivyo. Nilishakwenda mpaka mlangoni kwa mkuu. Mkuu alikuwa na wageni, nikarudi.

Fundi alikuja kutoka Mwanza kwa ukaguzi wake wa kawaida. Alikuwa kijana mnene, mpole, alipenda kuongea akifanya kazi. Hakuna aliyemweleza chochote. Alizigeuza mashine zetu, akafungua chini, na akaanza kucheka peke yake. Akatuita.

Unawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakija mjini wanajaa kwenye taa, kwenye chai, kwenye nywele. Walikuwa wameingia chini ya vitufe, wakafia humo msimu baada ya msimu, wakachanganyika na mafuta ya Magesa. Chini kulikuwa na tope jeusi limegandamana kama masizi ya chungu. Fundi alitia bisibisi chini ya H, akatoa donge.

Nikasogea karibu. Mkuu alikuwa ameingia, akaona nilivyokuwa natazama. Akamuuliza fundi kama donge lile lingeweza kuzuia kitufe.

"Lingeweza," alisema fundi.

"Lilizuia?"

"Inategemea, mzee. Likiwa laini kwa joto kitufe kinapita. Likishika kwa baridi ya asubuhi kinaishia katikati. Kesho kinapita tena."

Mkuu akamwambia anataka ndiyo au hapana. Yule kijana akafuta mikono yake polepole akasema, "Naweza kusema kitufe hiki kingeweza kukwama. Siwezi kusema kilikwama siku ile."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Nilitaka aseme ndiyo, iandikwe, ibandikwe ukutani. Sasa namheshimu kuliko wote waliosema neno katika jambo hili, maana ndiye pekee ambaye hakusema zaidi ya alichokijua.

Alipokuwa anafunga vyombo vyake nilimfuata nikamuuliza mengi. Ndiye aliyeniambia habari za mashine za namna unayokwenda kukalia wewe. Alisema vile vyuma viwili vikikutana havitulii mara moja, vinarukaruka kidogo sana kama mfuniko wa sufuria, na mashine isiyo na akili inahesabu kila mruko ni herufi, ukibonyeza A moja unapata mbili. Kwa hiyo zile mpya zimetengenezwa zisiamini mguso wa kwanza. Zinangoja kidogo, zinatazama tena, na kama kitufe bado kipo chini ndipo zinakubali. Nikamuuliza, na kama kitufe hakikufika chini kabisa? Akasema, "Hapo mama hakuna mashine. Hapo ni wewe na macho yako."

Magesa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Fundi alipoondoka, tukabaki na zile mashine zilizosafishwa, kila mmoja anatafuta kazi ya kufanya. Ndipo Magesa akasema jambo ambalo alikuwa amelikalia kwa muda. Alisema kosa halikuwa kwenye H, lilikuwa kwenye neno. Neno ambalo likipoteza herufi moja linageuka kinyume chake halifai kupita kwenye waya. Wangeandika ABAKI ALIPO. Ukipoteza herufi yoyote humo, ama maana inabaki ileile ama unapata takataka, na mtu wa Bunda akiona takataka anauliza.

Nilimtazama Magesa. Wakati mimi nilikuwa nakesha nikitafuta nani wa kulaumu, yeye alikuwa akitafuta neno. Nilimwambia ni kweli. Sikumwambia zaidi, lakini mchana ule nilisogeza bakuli langu upande wake wa meza, na yeye akavuta kiti.

Tulimpelekea mkuu. Hakusema tumefanya vizuri, wala hakukataa. Tangu hapo simu za kuhama zikawa na ABAKI au AONDOKE, na jina la mtu linarudiwa mwishoni, na sababu inaandikwa hata kama ni neno moja. Ingekuwepo sababu siku ile, ATAHAMISHWA MKE MGONJWA, labda yule wa Bunda angekuna kichwa.

Halafu nikaenda kwa Wambura.

Baba yako alinikataza. Nilipanda basi la Bunda asubuhi, nikashuka na kutembea mpaka kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama vitanda vya bweni. Nilimkuta ameketi mbele ya yake, akichonga mpini. Nikajitaja. Hakuinuka, hakunikaribisha, ila hakunifukuza. Nikamweleza yote: karatasi, kitufe, wadudu, fundi na jibu lake. Nilijisikia nikieleza, na nilivyozidi kueleza nilizidi kufanana na mtu aliyejitungia.

Akaniuliza, "Hiyo herufi ikoje?"

Nikachukua kijiti nikaichora chini. Akaitazama sana.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, mzee."

"Na yule wa Bunda hakuuliza."

"Hakuuliza."

Akarudi kwenye mpini wake. Akasema, bila kuniangalia, "Nilikuwaga na nyumba kule. Na mke. Na wewe unaniletea wadudu." Nilikaa kidogo, nikaaga. Kurudi Bunda nilitembea na mvua na sikuitafutia mahali pa kujikinga.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka kadhaa niliamini imeishia hapo. Wambura aliambiwa anaweza kurudi kwenye ardhi yake, lakini nyumba ilikuwa majivu na kaburi la mkewe lilikuwa kijiji kipya. Akabaki. Mimi nikaendelea na kazi. Yule mtu wa majalada akaondolewa. Watu wakaacha kunitazama, kwa sababu walipata wengine wa kuwatazama.

Kisha siku moja Wambura akatokea kwenye madirisha ya kupokelea simu za watu. Alikuwa amekuja Musoma kwa matibabu ya macho, na alitaka kutuma simu kwa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda, aje kumchukua. Siku hizo mimi na Magesa tulikuwa zamu moja, kila mmoja na dirisha lake, na lake halikuwa na mtu anayengoja. Langu lilikuwa na foleni. Akasimama kwenye foleni yangu.

Alipofika hakunisalimia. Akataja maneno, nikayaandika. Nikatuma. Nikatoa nakala niisome, akanyoosha mkono akaichukua. Alikuwa ameingia darasa la watu wazima kijijini, na alisoma kama wanavyosoma waliojifunza ukubwani: kidole chini ya kila herufi, midomo inatembea, akirudi nyuma kila alipopoteza. Watu wa foleni walianza kunung'unika. Yeye hakukisia hata neno moja. Mimi na Magesa tulikuwa tumesoma nakala maelfu, na sikuwahi kuona nakala inasomwa vile. Alipomaliza akanirudishia. Akasimama pembeni, akangoja mpaka Bunda wakajibu wamepokea, ndipo akaondoka.

Akarudi tena, na tena. Siku zote dirisha langu. Magesa aliona, akaniambia nimuulize. Sikuthubutu, mpaka mara moja mvua ilimzuia ndani na hakukuwa na mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini haendi kwa Magesa, mtu ambaye hakumkosea kitu.

Akasema, "Yule anapiga tu. Wewe unaogopaga."

Hakusema amenisamehe, Masatu, wala hakusema anaamini habari za wadudu. Sidhani kama aliamini mpaka alipokufa. Aliniangalia kwa mashaka kila mara, akaisoma kila nakala, na kila mara alinipa mimi maneno yake niyatume. Nilikuwa sijui kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Nimeishi na watu walioniamini bila kunisoma, kama baba zako wadogo, na sikuwahi kuwa salama nao.

Umeniambia kwamba huko kadi zako zitachukuliwa na mtu mwingine, atazipiga upya zote kwenye mashine ya pili, na mashine itasimama pale ambapo yeye na wewe hamkulingana. Ulinisimulia ukifurahi, ukasema, "Mama, pale kosa halipiti." Siku ile sikutaka kukuharibia furaha. Litapita. Karatasi mliyopewa ikiwa na kosa, nyote wawili mtalipiga, mtalingana vizuri sana. Mwenzako akiwa amechoka na anakupenda, atabonyeza ulichobonyeza. Akiwa anakuchukia, atapata njia pia. Mimi sikufundishi kumwogopa. Nakuomba tu mle pamoja, na umwache azipige kadi zako kana kwamba hakujui. Na mashine ikisimama, usianze na uso wake. Anza na kidole chako, kisha kitufe, kisha karatasi. Ukishavimaliza hivyo vyote, mara nyingi hutabaki na nafasi ya kumshuku mtu.

Una haraka, mwanangu. Vidole vyako ni vyepesi kuliko vyangu vilivyokuwa, na watakusifu. Wakikusifu, punguza.

Ukirudi leo jioni nitakuuliza Butiama hawajambo, utasema hawajambo, na hatutaongea zaidi. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, utaikuta ukishapita Mwanza. Ukiisoma usinihurumie, na Nyamhanga usimchukie. Alitaka kuwa na shemeji shujaa, na mimi nilimnyima.

Ukifika Dar, usinitumie simu ya maandishi kwamba umefika. Niandikie barua kwa mkono wako, hata ikichelewa. Nitangoja.

Mimi mama yako.